Bima ya afya ya India kwa Wahindi wanaoishi nje (NRI): ikate ungali mzima, na soma vipengele hivi kabla ya kusaini

kisutu_bima (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wenye pasipoti ya India wanaofanya kazi nje ya kwao: Dar, Nairobi, Kampala, Muscat, Dubai na kwingineko, pamoja na familia zao. Swali lao ni lile lile kila siku: nimeshakatiwa bima kazini huku niliko, ya nini kulipia nyingine India?

Sababu ni moja. Bima ya kazini inakwisha siku mkataba wa kazi unapokwisha. Mtu anarudi Rajkot au Kochi ana miaka 58, sukari na presha anazo, ndipo anaanza kutafuta bima. Kampuni ina haki ya kumkataa. Ikimpokea itampandishia ada, na ugonjwa aliokuja nao unaweza kusubiri hadi miezi 36 ndipo uanze kulipiwa. Miaka yote aliyokuwa na bima Dubai au Dar haimsaidii hapo, maana kinachohesabiwa ni muda aliokaa ndani ya bima ya India tu. Kwa hiyo anayejua kwamba iko siku atarudi, au kwamba akiugua sana atataka kutibiwa kwao, aikate angali mzima na angali kazini, ile miezi ya kusubiri imalizikie huku huku.

Miezi yenyewe iko hivi. Siku 30 za kwanza halipwi mtu ila aliyepata ajali. Kuna orodha ya magonjwa yaliyotajwa kwa jina kwenye mkataba, kama mtoto wa jicho, ngiri, mawe ya nyongo na kubadilisha goti. Haya mara nyingi ni miezi 24, hata kama siku unajiunga hukuwa nayo. Halafu ugonjwa uliokuwa nao kabla: usizidi miezi 36. Zamani kikomo kilikuwa 48, kikashushwa na IRDAI, ndiye mdhibiti wa bima India, kuanzia 1 Aprili 2024. Uzazi una kipindi chake, kuna kampuni ya miezi 9 na kuna ya miaka 2 au zaidi.

Neno la hesabu kabla hatujaenda mbali. Mikataba inaandika lakh na crore. Lakh ni laki yetu hii hii, 100,000. Crore ni laki 100, yaani milioni 10. Bima ya 10 lakh ni rupia milioni 1 kwa mwaka.

Kodi ya GST ya asilimia 18 iliondolewa kwenye bima za afya za mtu binafsi na za familia tangu 22 Septemba 2025. Bima za kundi bado zinatozwa. Ukiletewa ankara yenye kodi hiyo leo, uliza kama wamekuingiza kwenye kundi la benki au la chama bila kukwambia, kwa sababu bima ya kundi anayeishika ni mwenye kundi, na masharti anaweza kuyabadilisha yeye.

---

kisutu_bima

Naendelea na namna ya kuinunua.

Karatasi: pasipoti ya India, kibali cha kazi au cha kuishi huko uliko, kadi ya PAN, ile ya namba ya mlipakodi wa India (asiye nayo anajaza fomu ya tamko badala yake), anwani ya India na picha. Utambulisho wa mteja ni lazima kwa kila bima tangu 1 Januari 2023, kwa hiyo usitegemee kwamba wakala atakupitisha bila karatasi.

Fomu jaza kwa mkono wako mwenyewe. Hapa ndipo madai mengi yanapofia, miaka kabla ya mtu kuugua. Wakala ana haraka ya kamisheni, anatia "hapana" kwenye maswali yote ya afya, mteja anatuma OTP (namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu) na kazi imekwisha. Miaka 2 baadaye mteja analazwa kwa moyo, daktari wa hospitali anaandika kwenye historia "presha tangu miaka 6 iliyopita", na kampuni inaikuta sentensi hiyo kabla haijafika kwenye ankara. Andika kila kidonge unachomeza, kila upasuaji, kila kipimo kilichowahi kutoka vibaya. Andika pia kwamba unaishi nje na nchi yenyewe.

Vipimo. Kuna kampuni zinazoridhika na mahojiano ya video, nyingine zinataka ufike kituo chao India, hasa ukishavuka umri fulani au ukitaja ugonjwa. Basi funga jambo hili na likizo: fomu itangulie wiki 2 kabla ya safari, vipimo viwe siku ya tatu au ya nne baada ya kufika. Usiende asubuhi ile ile uliyoshuka kwenye ndege. Hujalala, umekula usiku kucha, maji hukunywa. Presha na sukari zitasoma juu, na namba hizo ndizo zitakazopangia ada yako. Vya kawaida ni sukari ya asubuhi na HbA1c (wastani wa sukari wa miezi iliyopita), mafuta ya damu, kreatinini (ya figo), mkojo na ECG (ya moyo). Tumbo liwe tupu saa 8 hadi 12, maji meupe ruksa.

Mkataba ukifika una siku 30 za kuurudisha ukirudishiwa pesa, ikitolewa gharama ya vipimo na ya siku ulizokuwa na kinga. Zitumie. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na pasipoti. Halafu tazama kama ugonjwa ulioutaja umeandikwa kwenye karatasi ya bima. Kama haumo, waandikie barua pepe siku hiyo hiyo na uambatishe nakala ya fomu uliyojaza. Barua hiyo itakutetea siku ya dai.

---

mwana_kibokoni

Ahsante mkuu kwa uzi. Vipi wale waliozaliwa Mombasa, Zanzibar au Kampala, wazee wao walitoka Kutch, lakini pasipoti ni ya Kenya, Tanzania au Uganda? Wengi wanajiita NRI.

---

kisutu_bima

Ndugu yangu hao si NRI, na ni vizuri umeuliza, maana wengi wanapoteza muda hapo. NRI ni raia wa India anayeishi nje. Mwenye pasipoti ya Kenya ni mgeni India hata kama babu yake alizaliwa Bhuj. Kinachoweza kumsogeza karibu ni kadi ya OCI, ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, iliyoanza 2005. Ile kadi ya zamani ya PIO iliunganishwa nayo 2015. Mwenye OCI anaingia India bila viza maisha yake yote, na katika mambo mengi ya fedha anatendewa kama NRI. Kampuni kadhaa za bima zinampokea akiwa na PAN, anwani ya India na akaunti ya benki ya India. Nyingine zinakataa, kwa hiyo apate jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Asiye na OCI asihangaike na bima za India. Atafute bima binafsi ya Nairobi au Dar inayoiweka India ndani ya eneo la matibabu, zipo, na ahakikishe kibali cha kampuni kinatoka kabla ya tiketi kukatwa. Viza ya matibabu ya mtandaoni ni ya siku 60 na inaruhusu kuingia mara 3.

---

Hesabu_Westlands

Niongeze la Kenya. Mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 anaingia kwenye SHIF, mfuko wa bima ya afya wa serikali, na aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara tangu Oktoba 2024. Kuna wanaodhani makato hayo yatawapa nafuu ya kusubiri wakifika India. Hayawapi. Kuhamisha bima kwa kubeba muda uliosubiri kunafanyika kati ya kampuni za India zenyewe tu, na ombi lenyewe lipelekwe angalau siku 45 kabla ya tarehe ya kuhuisha.

Sasa benki, maana hapa kuna mitego mingi.

Ukishakuwa NRI, ile akaunti yako ya kawaida ya akiba India lazima igeuzwe kuwa NRO. NRO inapokea kodi ya nyumba, pensheni na mapato mengine ya ndani. NRE inapokea mshahara wa nje, na pesa yake inatoka India bila kikomo, wakati ya NRO ina kikomo cha dola milioni 1 kwa mwaka baada ya kodi. Ada ya bima unaweza kulipa kwa yoyote kati ya hizo. Dai linalipwa kwa rupia kwenye akaunti ya India. Aliyebaki na akaunti ya kawaida bila kuigeuza anakwama kwenye malipo ya dai, kwa sababu karatasi za bima zinasema NRI na benki inasema mkaazi.

Ada itoke kwenye akaunti ya mwenye bima mwenyewe. Usimtume shemeji alipe kwa kadi yake kisha umrudishie. Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha zinaipa kampuni sababu ya kukataa malipo ya mtu wa tatu, na malipo yakirudishwa siku ya mwisho bima inakatika.

Na laini ya simu. OTP za benki na za bima zinakwenda kwenye namba ya India. Laini isiyotumika siku 90 inaweza kufungwa na namba akapewa mtu mwingine. Weka salio, washa roaming kabla hujaondoka India (ukishatoka ni kazi kuiwasha), na uandikishe barua pepe na namba ya huku kama mawasiliano ya pili.

Muda wa neema baada ya tarehe ya kuhuisha ni siku 30 kwa anayelipa kwa mwaka. Unalinda miaka yako ya kusubiri isifutike, ila ukilazwa ndani ya siku hizo kabla hujalipa, dai lenyewe halilipwi. Lipa wiki 3 kabla.

---

Ruwi_magharibi

Wakuu kuna kundi mmelisahau: mafundi, madereva, wasaidizi wa nyumbani wanaokwenda Ghuba. Hao wana bima yao ya serikali na wengi hawajui kama wanayo.

Mwenye pasipoti ya India yenye alama ya ECR, kwa kawaida asiyemaliza darasa la 10, anahitaji kibali cha kuhama kwenda kazini kwenye nchi 18. Oman imo, Saudia, Imarati, Kuwait, Qatar na Bahrain zimo. Tanzania na Kenya hazimo. Kibali hicho hakitoki bila Pravasi Bharatiya Bima Yojana, iliyoanza 2003. Ada ni rupia 275 kwa miaka 2 au 375 kwa miaka 3. Kubwa lililomo ni rupia laki 10 kwa kifo au ulemavu wa kudumu wa ajali. Matibabu yamo lakini kidogo sana. Kwa hiyo asiihesabu kama bima ya afya. Ila aandike namba yake na amwachie mke au mzazi nakala, kwa sababu msiba ukitokea Muscat, familia iliyoko Bihar ndiyo itakayodai, na bila namba hawana pa kuanzia.

Kuna pia mfuko wa ustawi wa jamii kwenye balozi za India, ICWF, tangu 2009. Unasaidia walionaswa: tiba ya dharura kwa asiye na uwezo, kusafirisha maiti. Huo si haki ya bima, ni msaada, na ubalozi ndio unaoamua.

---

karani_wa_madai

Naomba niingie upande wa madai. Watu wanasoma ukubwa wa bima, laki 5, laki 10, wanasahau mstari mmoja mdogo: kikomo cha chumba.

Chukua bima ya laki 5 yenye kikomo cha chumba cha asilimia 1 kwa siku, yaani rupia 5,000. Mgonjwa anachagua chumba cha 10,000, anakaa siku 5. Ankara ni hii:

Chumba: 50,000
Daktari mpasuaji, ukumbi wa upasuaji, uuguzi: 160,000
Dawa, vifaa vya kupandikiza, vipimo: 90,000
Jumla: 300,000

Mgonjwa anadhani atalipa ile tofauti ya chumba, 25,000. La. Kwa kuwa chumba ni mara 2 ya kikomo, gharama zinazofuatana na chumba nazo zinakatwa nusu, kwa hoja kwamba hospitali nyingi hutoza upasuaji kulingana na daraja la chumba. Chumba kinalipwa 25,000, daktari na ukumbi 80,000. Dawa, vifaa na vipimo kanuni inakataza visikatwe kwa uwiano huo, kwa hiyo 90,000 kamili. Kampuni inatoa 195,000. Mgonjwa anatoa 105,000 mfukoni na bima yake bado ina salio la zaidi ya laki 3. Inauma. ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) nayo haikatwi kwa uwiano. Dawa ya jambo hili ni kununua bima isiyo na kikomo cha chumba, au inayosema waziwazi chumba cha mtu mmoja. Tofauti ya ada ni ndogo ukilinganisha na hasara.

Makosa matatu ya wanaotoka nje hasa.

La kwanza, kulazwa kwa vipimo tu. Mtu ana siku 12 za likizo, anamwomba daktari amlaze ili MRI, damu na kila kitu kimalizike haraka. Bima ya kulazwa inalipa tiba iliyohitaji kulazwa, kwa kawaida saa 24 au zaidi, isipokuwa zile tiba za siku moja zilizoorodheshwa kama mtoto wa jicho, kusafishwa damu na dawa za saratani. Kulazwa ili kuchunguzwa kunakataliwa, na kukata rufaa ni kupoteza muda.

La pili, vipimo vya kabla ya kulazwa. Mkataba unasema gharama za siku 30 au 60 kabla ya kulazwa zinalipwa. Anakusanya risiti za CT ya Dar na anaziambatisha. Haziingii, kwa sababu bima hizi nyingi zinalipa huduma iliyotolewa ndani ya India tu. Majibu ya CT yenyewe yalete, yanasaidia kuonyesha ugonjwa ulianza lini. Risiti yake usiitegemee.

La tatu, kurudi nje mapema. Karatasi za kurudishiwa pesa zinatakiwa ndani ya siku 15 hadi 30 baada ya kutoka wodini. Mtu anapanda ndege siku ya 4, ripoti ya kuruhusiwa haina muhuri, ankara za dawa hazina cheti cha daktari, na hakuna wa kwenda kuzifuata. Usitoke hospitali bila ripoti ya kuruhusiwa iliyosainiwa, ankara yenye mchanganuo, risiti za malipo, vyeti vyote vya dawa na majibu ya vipimo. Ongeza hundi iliyofutwa ya akaunti ya NRO na nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kuingia India. Piga picha kila ukurasa kabla hujaukabidhi.

---

mwana_kibokoni

Na hiyo ya kutibiwa bila kutoa pesa, inakwendaje?

---

karani_wa_madai

Kila hospitali kubwa ina dawati la bima. Kwa tiba ya kupangwa peleka kadi ya bima, kitambulisho na barua ya daktari siku 3 kabla. Dharura, toa taarifa ndani ya saa 24. Dawati linatuma ombi kwa kampuni. Kwa mwongozo wa IRDAI wa Mei 2024, kampuni ijibu ombi la kwanza ndani ya saa 1, na idhini ya mwisho ya kuruhusiwa itoke ndani ya saa 3 tangu hospitali itume ankara. Ikichelewa na hospitali ikatoza siku ya ziada, gharama hiyo ni ya kampuni.

Tangu Januari 2024 kuna mpango wa kutibiwa hivyo hata kwenye hospitali isiyo kwenye orodha, ukitoa taarifa saa 48 kabla, au ndani ya saa 48 baada ya kulazwa kwa dharura. Unasaidia, lakini hospitali nayo lazima ikubali. Mimi ningechagua iliyo kwenye orodha.

Idhini ya kwanza si ahadi ya kulipa yote. Glovu, barakoa, chakula cha msindikizaji na vikaratasi vya usajili hukatwa mwishoni. Kuna kipengele cha nyongeza kinacholipia vifaa vya kutumika mara moja, na kwa upasuaji mkubwa kinajilipa.

---

Jangwani_92

Kwa ujumla nashauri watu wanunue moja kubwa ya crore 1 yenye kinga ya dunia nzima, wamalize habari. Ugonjwa wa zamani si unasubiri miaka 4 tu.

---

Hesabu_Westlands

Mkuu, miaka 4 ni ya kanuni ya zamani. Sasa ni 3, imeandikwa post ya kwanza.

Kuhusu dunia nzima, mtu asome maana ya maneno kwanza. Nyingi zinataka ugonjwa uwe umegunduliwa India, au zinalipia dharura ya mkaazi wa India aliyesafiri kwa siku chache. Anayeishi Nairobi mwaka mzima haingii kwenye maana ya msafiri. Anaongeza ada kubwa kwa kitu ambacho bima yake ya kazini inamfanyia tayari. Ajiulize kwanza: nikiugua ghafla huku, nani analipa? Kama ni mwajiri, basi ya India iwe ya India. Kuna kampuni zinazompunguzia ada anayeishi nje, kwa kuwa hatumii hospitali za India mara nyingi. Punguzo hilo linaombwa, haliji lenyewe, na ukirudi kuishi India lazima uwaarifu.

Na badala ya kununua moja ya laki 50, angalia bima ya msingi ya laki 5 ukaiwekea ya nyongeza juu yake. Hapo kuna aina 2 na majina yake yanafanana. Tuseme zote zinaanza kulipa baada ya laki 5, na mtu amelazwa mara 2 kwa mwaka, kila mara laki 4. Ile inayoitwa top-up inaangalia kila kulazwa peke yake: 4 haijafika 5, hailipi kitu. Ile inayoitwa super top-up inajumlisha mwaka mzima: 8 toa 5, inalipa laki 3. Nunua ya pili.

Halafu kumbuka, ukiongeza kiwango cha bima baadaye, kile kilichoongezeka kinaanza kusubiri upya. Anza na kiwango cha kutosha tangu mwanzo.

---

dada_Upanga

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kuhusu wazazi walioko India, mtoto yuko nje na ndiye anayelipa. Wawekwe kwenye bima moja ya familia?

---

kisutu_bima

Marahaba dada. Usiwaweke pamoja. Bima ya familia ya fungu moja inapangiwa ada kwa umri wa mkubwa kuliko wote. Baba wa miaka 67 akiingia, ada ya nyinyi vijana nayo inapanda, na akilazwa mara moja kwa moyo amelimaliza fungu la watoto. Wazazi wakatiwe yao, nyinyi yenu.

Tangu 2024 kikomo cha umri wa miaka 65 cha kujiunga hakipo tena kikanuni. Lakini bima za wazee huja na sharti la kuchangia, mara nyingi asilimia 20 ya kila dai. Ukipata isiyo na kuchangia kwa ada iliyozidi kidogo, chukua hiyo.

Mzazi mwenye miaka 70 na zaidi anayeishi India ana haki nyingine bila kujali kipato: Ayushman Bharat, bima ya afya ya serikali ya India, rupia laki 5 kwa mwaka, iliyofunguliwa kwa umri huo Oktoba 2024. Anajiandikisha kwa Aadhaar, kadi ya utambulisho ya India. Akiwa na bima binafsi haimzuii. Mfanyieni hata kama mna uwezo, maana inaanza kulipia magonjwa ya zamani siku ya kwanza. Kasoro yake ni kwamba si kila hospitali binafsi imo, kwa hiyo tafuteni mapema iliyo karibu na nyumbani kwao.

Kodi ya mapato: mtoto aliye nje mwenye mapato India, kama kodi ya nyumba, anaweza kupunguza ada ya bima kwenye mapato yake akiwa kwenye mfumo wa zamani wa kodi. Rupia 25,000 kwa ajili yake, mwenzi na watoto. Nyingine 25,000 kwa wazazi, na 50,000 kama mzazi amefika miaka 60 na ni mkaazi wa India. Alipe kwa benki. Taslimu haikubaliki.

---

dada_Upanga

Nimeelewa, ahsante sana. Na dai likikataliwa kabisa, mtu aliye Dar atashitaki vipi?

---

karani_wa_madai

Kwanza, dai halikataliwi na karani mmoja. Kanuni ya 2024 inataka kamati ya kampuni ipitie, na barua itaje kipengele cha mkataba kilichotumika. Barua isiyotaja kipengele, irudishe ukitaka kitajwe.

Pili, ukishatimiza miezi 60 mfululizo, kampuni haiwezi tena kukataa kwa hoja kwamba hukutaja jambo, ila ikithibitisha udanganyifu. Zamani ilikuwa miaka 8. Ndiyo sababu nyingine ya kutoacha bima ikatike hata mwaka mmoja.

Njia yenyewe: andika kwa afisa malalamiko wa kampuni, na uandikishe pia kwenye tovuti ya Bima Bharosa ya IRDAI upate namba. Siku 30 zikipita bila jibu, au jibu lisiporidhisha, nenda kwa Msuluhishi wa Bima ndani ya mwaka 1. Huhitaji wakili, yeye hatozi ada, anaweza kusikiliza kwa video, na anaamua hadi rupia laki 50. Mshikilie kwenye karatasi: fomu uliyojaza, barua pepe, ripoti ya kuruhusiwa. Kama daktari aliandika kimakosa muda wa ugonjwa, mathalani "presha miaka 6" wakati ni miezi 6, omba hospitali itoe cheti cha marekebisho mapema, kabla dai halijakataliwa. Kikija baada ya kukataliwa kinatiliwa shaka.

---

Malindi_Unguja

Swali la pembeni kidogo. Wazazi wakija kutembea Zanzibar, bima yao ya India inawafaa?

---

kisutu_bima

Haiwafai, ya kwao ni ya India. Mgeni anayeingia Zanzibar analazimika kukata ile ya dola 44 tangu 1 Oktoba 2024, wailipie mtandaoni kabla ya safari. Ni kinga ya dharura za safari, haitibu maradhi ya zamani. Mzee mwenye moyo au figo akatiwe India bima ya safari inayotaja kwa maandishi kwamba ugonjwa wake wa zamani ukimzidia hadi kuhatarisha maisha unalipiwa. Abebe dawa za kutosha safari nzima na wiki 2 za ziada, kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti chenye jina halisi la dawa, siyo la kibiashara, kwa sababu majina ya maboksi ya India na ya duka la dawa la Darajani hayafanani.